Herufi Moja, Nukta Mbalimbali: Tuyajue Maua ya Pwani Yetu
(Mazungumzo na vijana wa Bongwe baada ya futari)



Sote tuliopita chuoni twazijua be, te na the. Mwili wa herufi ni mmoja, kinachozitenga ni nukta. Asomaye bila kutazama nukta hubadilisha maana, na maalim humrudisha mwanzo. Leo nawaletea ua ambalo nalo yataka lisomwe hivyo hivyo.

Ni lile ua dogo la zambarau, lenye majani manene ya vinyweleo, ambalo watu wa Ulaya huliweka chunguni dirishani. Wengi hudhani ni la huko. Sivyo! Asili yake ni misitu na miamba ya Tanzania na Kenya. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata upande wa Tanga akalipeleka kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Tangu mwaka 2015 limehesabiwa katika jamii ya Streptocarpus.

Zamani wataalamu walitaja spishi nyingi za ua hili. Mwaka 2006 Iain Darbyshire wa bustani ya Kew, Uingereza, alizichunguza upya, na nyingi akazishusha kuwa spishi-ndogo za ionantha. Yaani ni ndugu wa nyumba moja, kila mmoja na chumba chake.

Sasa utawatengaje? Ukitazama ua peke yake utapotea, kwani yanakaribiana mno. Tazama jani na shina. Velutinus jani lake ni kama mahameli, na ukiligeuza, chini ni jekundu la zambarau. Grotei ana shina refu linalotambaa, ilhali wengine hukaa chini, majani yamejipanga duara. Grandifolius ana majani mapana, membamba. Halafu yuko wa kwetu Pwani, rupicola, maana yake mkaa mwambani. Huyu makao yake ni nyufa za mawe ya chokaa huko Kilifi. Kwa hivyo uliza pia: umelikuta wapi?

Mtu atasema, "Kama ni spishi-ndogo tu, ya nini kujisumbua? Si yamejaa madukani?" Hapo ndipo penye hatari. Yale ya madukani yamechanganywa mbegu kwa zaidi ya miaka mia. Mwamba wa Kilifi ukivunjwa kwa mawe, au miti inayoutia kivuli ikikatwa kuni, rupicola hatarudishwa na ua la dukani. Jina lilishushwa daraja kwenye karatasi, lakini mmea wenyewe haukupungua thamani.

Vijana wenzangu, mawe ya chokaa na misitu hata Kwale tunayo. Kaya Kinondo, hapo jirani, ni miongoni mwa kaya zilizotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ukienda kaya yoyote, taka ruhusa kwa wazee kwanza. Ukiona mmea usioujua, usiung'oe. Piga picha ya jani juu na chini, andika mahali na aina ya jiwe, kisha waulize wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa. Na kabla ya kusema "haya yote ni mamoja," geuza jani kwanza.