Ndege wa ng'ambo mbili za ziwa
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka



Leo tunasema juu ya picha. Wengi wetu tuko na simu, na wengi bado tunavuka kwenda Kigoma kuona ndugu waliobaki kule. Basi tuko na macho ya ng'ambo zote mbili, na hayo ni mali.

Kuna ndege mdogo wa misitu ya milimani, mkia mrefu, rangi ya majivu. Watu wa vitabu wanamwita apalisi. Ng'ambo ya Tanzania anakaa kwenye milima ya Mahale, kule Kungwe. Mwingereza Moreau alimwandika mwaka 1941. Ng'ambo yetu, kusini ya Fizi, mlima Kabobo uko na wa kwake, mwenye rangi nzito zaidi. Mbelgiji Prigogine alimwandika mwaka 1955. Huyu wa Kabobo hajulikani fasi ingine yoyote duniani. Katikati kuna ziwa, kilomita 50 hivi, na ndege wa msituni havuki maji mengi vile. Kila mmoja alibaki kwake, akabadilika polepole.

Je, ni ndege wawili, ao ni mmoja mwenye nguo mbili? Wataalamu hawapatani. Hata Marekani, fasi ndugu zetu wengine walipelekwa, walibishana hivyo juu ya ndege anayeitwa junko: kila upande wa nchi rangi yake. Miaka ya 1970 waliunganisha wengi wao katika jina moja.

Sasa, ukipanda Kabobo ao ukiingia Mahale, piga picha ya ubavu, ya koo na tumbo, na ya mkia kwa chini. Usibadilishe rangi kwenye simu. Andika kijiji, mlima, tarehe na saa, kwa sababu tofauti yao ni ya fasi. Picha bila jina la fasi haisaidii. Usiguse kiota. Na mbele ya kutoa simu, uliza chefu wa kijiji, wala usipige picha karibu na kambi ya askari.

Mtu atauliza: ndege atatuletea nini, sisi tunaotafuta shamba? Swali ni la haki. Tulirudi tukakuta mashamba yameshikwa na wengine, na kuna waliopanda mlimani kukata miti. Lakini mito inayonywesha mashamba ya chini inatoka kwenye msitu ule ule. Mwaka 2016 msitu wa Kabobo ulifanywa hifadhi. Siku watu watakaa kuzungumza mipaka yake, anayekuja mikono mitupu atasikilizwa kidogo. Picha zenye fasi na tarehe zinaonyesha kwamba mlima huu tunaujua, na kwamba tunastahili kuulizwa.

Mwenye picha amletee sekretere kwenye mkutano ujao.