Neno Moja Mbele ya Mfalme



Zamani za Shakespeare, mtungaji wa michezo ya kuigiza aliyefariki mwaka 1616, Mwingereza alikuwa na maneno mawili ya kumwitia mwenziwe. "You" lilikuwa la watu wengi, nalo tangu karne ya 13 lilianza kutumiwa hata kwa mtu mmoja, kwa kumheshimu. "Thou" bwana alimwambia mtumishi wake, mzazi mtoto wake, na wapenzi waliambiana. Tena mtu alimtupia adui yake kwa dharau. Katika mchezo wa Twelfth Night, mchochezi mmoja amshauri rafiki yake, atakaye kuandika barua ya kuitana vitani, amwite mshindani wake "thou" mara tatu hivi. Watazamaji hawakuhitaji kuelezwa tusi lenyewe.

Lakini katika King Lear hapana mzaha. Mchezo huo ulichezwa mbele ya Mfalme James, katika jumba la Whitehall, tarehe 26 Desemba 1606. Lear, mfalme mzee, awagawia binti zake ufalme kwa kadiri ya maneno yao matamu. Wakubwa wawili wamsifu kupita kiasi, wapata. Cordelia, mdogo wao, akataa kusema zaidi ya ukweli, naye anyimwa yote.

Hapo Kent, mkuu mwaminifu, aingia kati. Aanza kwa adabu yote, akimtaja mfalme kwa heshima zake. Mfalme hasikii. Basi Kent amwita "thou", tena mzee, mbele ya baraza zima. Hakuchomoa upanga, neno hilo dogo latosha.

Je, ni dharau au ni mapenzi? Neno lile lile lilifaa kwa yote mawili, na huo ndio uhodari wa mtungaji. Lear asikia dharau tu. Amfukuza Kent nchini: akionekana siku ya kumi, atauawa.

Siku hizi Waingereza wengi wamebaki na "you" peke yake, na wasomaji hupita hapo bila kushtuka. Mfasiri wa Kiswahili naye ana kazi, kwani "wewe" humfaa mkubwa na mdogo. Itampasa kuitia heshima kwa "Bwana wangu", kisha kuiondoa ghafula.

Kent hakwenda mbali. Aligeuza sura na sauti, akarudi kuomba kazi kwa mzee yule yule. Lear akamwita "thou", naye Kent akamjibu kwa "you", kama impasavyo mtumishi.