Maji, Adui wa Lami

Barabara ya lami huonekana imara, lakini maji huila kutoka ndani. Tabaka lake la juu ni kokoto zilizoshikanishwa kwa lami. Jiwe, kwa asili yake, hushikana na maji kwa urahisi kuliko na lami. Hivyo maji yakituama na kupenya kwenye ufa, huingia kati ya jiwe na lami, yakavitenganisha. Gari linapopita, uzito wake huyasukuma maji hayo kwa nguvu. Kokoto hung'oka moja moja, na shimo huanza. Udongo wa chini nao, ukilowa, hulainika na kutitia.

Mafundi huchanganya chokaa kidogo ili lami ishike vyema, hasa kwenye mawe ya granaiti. Hata hivyo, chokaa haiwezi kuiokoa barabara ambayo mtaro wake umezibwa na taka. Kwa hiyo, kabla ya masika, kila kaya na izibue mtaro ulio mbele yake, na kila ufa utolewe taarifa kwa mtendaji wa kata. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na gharama ya ukuta huo ni fedha ambayo ingefikisha lami mtaa wa pili.