Kuchora kwa Leza na Hesabu Tulizozidharau

(Hotuba iliyotolewa ukumbini mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana kwetu.)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama katika ukumbi huu, ambamo zamani nilisimamishwa mara nyingi kujieleza kuliko kualikwa kusema. Nimeombwa nizungumzie faida ya masomo katika kazi. Sitahubiri. Nitasimulia kosa langu mwenyewe, kisha nitawaachia hesabu yake.

Ofisini kwetu tulihitaji vibao 120 vya milango. Kila kibao ni cha mbao, urefu wake milimita 300, na kila ncha ina nembo yenye upana wa milimita 30 na kimo cha milimita 20. Katikati pameachwa wazi pa kubandika cheo cha afisa, maana vyeo hubadilika. Nembo zilichorwa kwa mashine ya leza inayoongozwa na kompyuta, na kila kibao kilichukua karibu dakika sita. Nami, kwa haraka ya mtu mwenye kalamu mkononi, nikaandika dokezo sabili kupendekeza inunuliwe mashine nyingine yenye mwendo mara mbili. Fundi wetu, kijana aliyeishia kidato cha nne, aliniomba jambo moja tu: nisilipeleke dokezo lile mpaka kesho yake.

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman huko Marekani. Ile ya gesi ya kaboni dioksidi, inayotumika sana kuchora mbao, ilitengenezwa na Kumar Patel mwaka 1964. Lakini mwali peke yake haujui kuchora. Ili kujaza umbo, kompyuta hulikata kwa mistari mingi iliyokaribiana, na kichwa cha mashine hupita mstari mmoja baada ya mwingine, kikiwasha mwali ndani ya umbo na kuuzima nje yake.

Ninyi mliowahi kulima kwa ng'ombe na plau mnaijua kazi hiyo. Mkulima hafiki mwisho wa shamba akarudi mikono mitupu hadi alikoanzia. Hugeuza ng'ombe akalima akirudi. Wagiriki wa kale waliwahi kuandika namna hiyo, mstari huu kwenda kulia na unaofuata kwenda kushoto, na jina la mwandiko huo latokana na ng'ombe anavyogeuka. Mkulima mwenye akili pia hulima kwa kufuata urefu wa shamba, ili kugeuka kuwe kuchache.

Hapo kwenye kugeuka ndipo gharama ilipojificha. Kichwa cha mashine kina uzito. Hakiwezi kusimama ghafla. Tena mwali ukiachwa ukiwaka wakati kichwa kinapunguza mwendo, ukingo wa nembo huungua zaidi ya katikati. Kwa hiyo kichwa hupitiliza nje ya umbo mwali ukiwa umezimwa, husimama, hugeuka, kisha hukusanya mwendo upya.

Sasa hesabu. Mwendo ulikuwa milimita 200 kwa sekunde, na kila sekunde kichwa kiliweza kuongeza au kupunguza mwendo wake kwa milimita 2,000 kwa sekunde. Kusimama kulichukua sekunde 0.1, na kuanza tena sekunde 0.1; kila kugeuka ni sekunde 0.2. Mistari ilipishana milimita 0.1, hivyo kimo cha milimita 20 kilihitaji mistari 200.

Programu ilikuwa imepangwa kujaza maumbo yote kwa pamoja. Kila mstari ulianzia nembo ya kushoto, ukavuka uwanda mtupu wa milimita 240, ukamalizia nembo ya kulia. Milimita 300 ni sekunde 1.5, ongeza 0.2 za kugeuka. Zidisha kwa 200. Jibu ni sekunde 340. Sehemu kubwa ya muda huo mashine ilikuwa ikitembea juu ya mbao isiyochorwa.

Programu nyingi za kazi hii, LightBurn ikiwa mojawapo, humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua: kujaza vyote kwa pamoja, kundi kwa kundi, au umbo kwa umbo. Fundi aliifanya kila nembo kuwa kundi lake. Mistari sasa ikawa 400, lakini kila mmoja ni milimita 30 tu, yaani sekunde 0.15. Ongeza 0.2, zidisha kwa 400: sekunde 140, pamoja na mbili hivi za kuhama kutoka nembo hadi nembo. Kwa vibao 120, saa 11 na dakika 20 zilishuka zikawa chini ya saa tano. Hakikununuliwa hata msumari.

Nilifurahi, nikamwamuru, "Basi ongeza mwendo mara mbili, tumalize leo!" Fundi alitabasamu, akatii. Kibao kilichofuata kilichelewa zaidi. Nikadhani mashine imeharibika. Akanipa karatasi nipige hesabu mwenyewe. Kwa milimita 400 kwa sekunde, mstari wa milimita 30 huchukua sekunde 0.075, lakini kugeuka sasa ni sekunde 0.4. Jumla kwa mistari 400 ni sekunde 190. Na umbali wa kusimamia, ambao hukua kwa mraba wa mwendo, ulitoka milimita 10 ukawa 40. Haraka haraka haina baraka, na safari hii methali ilikuja na tarakimu zake.

Angalieni pia mashine niliyotaka inunuliwe. Kama nguvu yake ya kukusanya mwendo ingekuwa ileile, kwa mpangilio wetu wa zamani ingetumia sekunde 230 kwa kibao. Ningetumia fedha za wananchi kununua kitu kilicho duni kuliko akili ya kijana aliyekuwa tayari kwenye orodha yetu ya mishahara.

Mambo mengine nayapitia upesi. Umbo la milimita 120 kwa 15 likijazwa kwa urefu lina mistari 150. Likijazwa kwa upana lina 1,200. Mistari ikikaribiana kuliko unene wa mwali unavyohitaji, muda huongezeka bure. Ikiachana mno, michirizi huonekana. Kuchora wakati wa kwenda na wa kurudi kunataka mikanda iliyokazwa vizuri, la sivyo kingo za herufi hupishana. Na kama kipande kitakatwa, kichorwe kwanza, kwa sababu kikishakatwa chaweza kusogea.

Liko pia swali la kipi kianze. Vipande 10 vyaweza kupangwa kwa namna 3,628,800. Ndilo fumbo la mchuuzi anayetafuta njia fupi ya kupita miji yote. Mwaka 1954 George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson walipata njia fupi kabisa ya miji 49 ya Marekani, na hadi leo wanahisabati wangali wakilichimba fumbo hilo. Kwenda daima kwa jirani wa karibu ni mwanzo mzuri, ila si lazima iwe njia fupi kuliko zote.

Wadogo zangu, hesabu ya mwendo niliyoeleza ni ya sekondari. Mimi niliisoma hapa, nikaifaulu, nikaenda nayo Chuo Kikuu, nikarudi na shahada. Na siku ilipohitajika sikuitoa mfukoni. Fundi hakuwa na shahada, lakini alijiuliza muda unapotelea wapi kabla ya kuomba kitu kipya. Wenzangu tulio maofisini, na tujiulize hivyo kabla ya kutia sahihi.

Dokezo langu nililiondoa kwenye jalada kwa mkono wangu. Kijana yule nilimwombea nafasi ya kusoma jioni, akaipata. Mwaka huu ananisaidia kumfundisha mwanangu fizikia.