Muuguzi, Mgonjwa na Ufunguo wa Wodi



Leo tunawazungumzia wagonjwa wa akili walio chini ya ulinzi wa sheria, pamoja na wauguzi wanaowatunza. Taarifa za mashirika ya haki za binadamu za mwaka 2012 na 2016 zilieleza kwamba katika Gereza Kuu la Juba walishikiliwa watu wenye maradhi ya akili, baadhi yao pasipo shtaka lolote. Wengine waliletwa na jamaa zao wenyewe, walioshindwa kuwatunza nyumbani. Mwaka 2016 wodi ya akili ya Hospitali ya Mafunzo ya Juba ilikuwa na vitanda 12 tu.

Majirani zetu wana mahali maalumu pa wagonjwa wanaopelekwa na mahakama: Nairobi iko Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, na Dodoma iko Isanga, chini ya Hospitali ya Mirembe. Lakini popote pale, gerezani au hospitalini, muuguzi hushika dawa mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili.

Mgonjwa akidanganywa kuhusu dawa leo, kesho ataitema. Akifungwa mikono bila kuelezwa sababu, hatamweleza mtu anaposikia sauti zinazomwamuru kudhuru. Anayemwamini muuguzi wake husema mapema, na madhara huzuiwa kabla mkono haujainuliwa. Kwa hiyo imani hiyo ni sehemu ya ulinzi wenyewe, wa mgonjwa, wa mlinzi na wa jamii.

Imani hiyo ina mipaka yake. Muuguzi hapokei zawadi wala hampendelei mmoja. Humweleza mgonjwa tangu mwanzo kwamba neno linalohatarisha uhai wa mtu halitafichwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji; huyu wetu aulizwe, aelezwe, ndipo anyweshwe.

Nasi polisi tuna mpaka wetu. Haifai kumfanya muuguzi mpelelezi. Maswali ya kesi yaulizwe na mpelelezi, kwa utaratibu wa sheria. Mgonjwa akidhani kwamba kila alisemalo wodini linaandikwa katika jalada la polisi, atanyamaza, na tiba itakwama.

Kwenu tuna maombi matatu. Kwanza, mgonjwa asiyetenda kosa asiletwe kituo cha polisi. Apelekwe kituo cha afya. Pili, akishikiliwa kwa kosa, leteni karatasi zake za matibabu, hata kama alitibiwa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Tena mtuambie anaelewa lugha gani, iwe Kibari, Kimadi, Kiacholi au Kiarabu cha Juba. Muuguzi asiyeeleweka hawezi kuaminiwa. Tatu, msimtupe. Mtembeleeni, mumjue muuguzi wake, mjifunze namna ya kumpa dawa atakaporudi. Aliyepata nafuu akakosa wa kumpokea huendelea kukaa ndani, ilhali ugonjwa si hukumu.

Mtu huyo ni mwana wenu, nasi tumekabidhiwa kumlinda. Tushirikiane ili arudi nyumbani akiwa na afya na heshima yake.