Miche Iliyorefuka Bure

Masika yakikaribia, wengi wetu huwa na miche ya nyanya kitaluni. Tukiinua nyasi tulizoezekea kitalu, twaona nini? Mashina marefu, meupe, membamba kama uzi, yameinama. Mtu husema, “Imekua upesi!” La, yatafuta nuru. Mche uliokosa mwanga hutumia akiba yake kurefuka, wala haubakiwi na kitu cha kunenepesha shina.

Hata hivyo tusiitupe, maana wako kati yetu waliokopa fedha za mbegu. Kwanza tupunguze iliyosongamana, tuache nafasi ya vidole viwili. Kisha tuondoe kivuli kidogo kidogo, kwa siku 7 hadi 10. Kikiondolewa chote mara moja, jua la saa sita litaichoma. Maji nayo tupunguze, lakini isinyauke. Samadi nyingi wakati huu sisi hatuipendi, kwa kuwa huzidisha urefu. Na upepo mwanana tusiuogope! Mche unaotikiswa hunenepesha shina. Hata kuipapasa juu juu kwa kiganja kila asubuhi kwafaa.

Siku ya kupandikiza, nyanya ina neema yake: twaweza kuifukia hadi karibu na majani ya kwanza, kwani shina lake hutoa mizizi likiwa udongoni. Kabichi pia twaweza kuifukia, ila chini ya majani tu. Tusifunike moyo wake, maana hapo ndipo majani mapya hutokea.