MUKONO WA MUTOTO MUDOGO



Katika inchi ya Ufaransa, kwenye milima ya Pyrénées, kuna barabara kali yenye kuitwa Tourmalet. Inapanda mupaka kwenye metre 2 115. Mwaka 1913, katika mashindano ya baiskeli ya Tour de France, Eugène Christophe alipanda kule. Alikuwa kati ya watu wa mbele, na tumaini la kushinda lilikuwa kubwa. Akafika juu. Lakini wakati wa kushuka, chuma chenye kushika gurudumu la mbele kikavunjika. Ona vizuri: hakikuvunjika kwenye kupanda. Kilivunjika wakati magumu yalionekana kuwa yameisha.

Sheria ilisema kila mushindani atengeneze baiskeli yake peke yake. Christophe akaibeba kwenye bega, akashuka kwa miguu kilomita zaidi ya 10, mupaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Kwa mufua vyuma, akafua chuma yeye mwenyewe, wasimamizi wakimuangalia. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Mutoto mudogo akavuta mivuo ili moto uwake. Kwa sababu ya mutoto yule, wakamupa azabu ya dakika 10! Nyuma wakaipunguza kuwa 3. Saa nyingi zilikuwa zimepotea, lakini alipanda tena baiskeli, akafika Paris, akawa wa 7.

Mupendwa, kwenye milima yetu unaona kila siku mutu akisukuma kinga yenye makala ao ndizi, jasho likimutoka. Wale wasimamizi walikuwa na sheria yao. Wewe, ni sheria gani inakukataza kusukuma? Jirani yako mujane amevunjikiwa katikati ya njia, watoto wamefukuzwa kwenye masomo. Na sisi tunasimama kando, tunahesabu makosa yake: alikosa wapi, nani alimusaidia. Hata Bwana wetu, kwenye njia ya Golgota, Simoni wa Kirene alimubebea musalaba.

Usiseme: nguvu yangu ni kidogo. Mutoto yule hakuweza kufua chuma. Alivuta mivuo tu, na chuma kikashikana. Juma hili, tafuta moto mumoja wenye kungojea mukono wako.

Mubarikiwe. Amina.